Gasdemini

Gasdemini ni jamii ya protini zilizomo ndani ya seli za binadamu na za wanyama wengine wengi. Zikiamshwa, hutoboa utando wa seli kutoka ndani na mara nyingi huiua seli hiyo. Kifo cha namna hiyo kinaitwa piroptosi. Tofauti na kifo cha seli kinachopita kimyakimya, piroptosi huambatana na inflamesheni, yaani hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma inapoingiliwa na vijidudu au inapojeruhiwa.

Seli nyingi hubeba gasdemini wakati wote, hata mtu akiwa na afya njema. Kwa hiyo seli inalazimika kuzidhibiti kwa uangalifu mkubwa. Zisipoamka panapohitajika, vijidudu hujificha na kuzaliana ndani ya seli. Zikiamka bila sababu au kupita kiasi, mwili hujiumiza wenyewe, na katika ugonjwa wa sepsisi hali hiyo huweza kuchangia kifo cha mgonjwa. Udhibiti huu haufanywi kwa swichi moja. Uko katika ngazi kadhaa zinazofuatana, kuanzia jeni hadi dakika ya mwisho kabla ya seli kupasuka.

Asili ya majina

Jina gasdemini limeundwa kutokana na maneno ya kitaalamu yanayohusu tumbo na ngozi, kwa sababu jeni ya kwanza ya jamii hii ilionekana ikifanya kazi katika njia ya chakula na katika ngozi ya panya. Baadaye ilifahamika kwamba protini za jamii hii zimo pia katika seli nyingine nyingi, zikiwemo seli nyeupe za damu.

Neno piroptosi linatokana na maneno mawili ya Kigiriki: pyr, maana yake moto, na ptosis, maana yake kuanguka. Neno la pili limo pia katika apoptosi, kifo cha seli kilichofananishwa na majani yanayopukutika kutoka mtini. Jina piroptosi lilipendekezwa mwaka 2001 na Brad Cookson na Molly Brennan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani.

Piroptosi na aina nyingine za kifo cha seli

Seli hufa kwa njia mbalimbali. Ili kuelewa kazi ya gasdemini ni vema kulinganisha njia tatu.

Apoptosi ni kifo cha mpango na cha utaratibu. Seli hujikunja, DNA yake hukatwakatwa, kisha seli hugawanyika katika vifuko vidogo ambavyo humezwa na seli za jirani au na makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazokula mabaki. Hakuna kinachomwagika nje, wala inflamesheni haitokei. Kwa njia hii mtoto aliye tumboni hupoteza ngozi iliyounganisha vidole vyake.

Nekrosi ya kawaida ni kifo cha ajali, kwa mfano seli inapoungua kwa moto au inapokosa damu kwa muda mrefu. Seli hupasuka na vilivyomo humwagika.

Piroptosi iko kati ya hizo mbili. Ni ya mpango kama apoptosi, kwa kuwa huendeshwa na protini maalumu zinazofuata utaratibu, lakini seli huishia kupasuka kama katika nekrosi. Kupasuka huko kuna faida. Bakteria aliyekuwa amejificha ndani ya seli hupoteza makazi yake na kujikuta mbele ya seli nyingine za kinga. Wakati huohuo kemikali za tahadhari hutoka nje na kuziita seli hizo zije haraka.

Historia ya utafiti

Mwaka 1992 Arturo Zychlinsky na wenzake walionyesha kwamba bakteria Shigella flexneri, anayesababisha kuhara damu, huua makrofaji alizoingia. Wakati huo ilidhaniwa kwamba kifo hicho ni apoptosi. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba kilitegemea kimeng'enya kinachoitwa kaspesi-1, ambacho si cha lazima katika apoptosi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kutafuta jina jipya.

Mwaka 2002 kikundi cha Jürg Tschopp huko Lausanne, Uswisi, kilieleza mkusanyiko wa protini unaoamsha kaspesi-1 na kuuita inflamasomu. Hata hivyo swali kubwa lilibaki bila jibu: kaspesi ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, je, kaspesi-1 hukata protini ipi hata seli ikafa?

Jibu lilipatikana mwaka 2015. Vikundi viwili vilivyofanya kazi bila kutegemeana, kimoja cha Feng Shao huko Beijing, China, na kingine cha Vishva Dixit katika kampuni ya Genentech, California, vilichapisha matokeo yanayofanana katika jarida la Nature. Protini iliyotafutwa ilikuwa gasdemini D. Seli zilizoondolewa jeni ya protini hiyo hazikufa kwa piroptosi hata kaspesi zake zilipoamshwa. Tangu hapo piroptosi hufafanuliwa kuwa kifo cha seli kinacholetwa na gasdemini.

Wanajamii sita

Binadamu ana jeni sita za jamii hii.

Gasdemini A hupatikana hasa katika ngozi.

Gasdemini B hupatikana katika utumbo, njia ya hewa na baadhi ya seli za kinga.

Gasdemini C hupatikana katika ngozi na utumbo.

Gasdemini D hupatikana kwa wingi katika seli za kinga na katika seli zinazofunika utumbo. Ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote.

Gasdemini E hupatikana katika seli za aina nyingi, zikiwemo za sikio la ndani.

Pejvakini ni ya sita. Jina lake limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mwangwi, kwa sababu hitilafu katika jeni yake husababisha uziwi.

Panya hawana gasdemini B kabisa, lakini wana nakala tatu za gasdemini A na nne za gasdemini C. Kwa sababu hiyo si kila jambo linaloonekana kwa panya wa maabara linaweza kuchukuliwa kuwa ni hivyo pia kwa binadamu.

Muundo na namna ya kutoboa

Isipokuwa pejvakini, ambayo muundo wake unatofautiana kidogo, kila gasdemini ina sehemu mbili kubwa zilizounganishwa na kipande kirefu kinachopinda kwa urahisi. Sehemu ya mwanzo ndiyo inayotoboa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayozuia. Protini ikiwa nzima, sehemu ya mwisho hujikunja juu ya sehemu ya mwanzo na kuifunika, mfano wa kisu kilichomo alani.

Kimeng'enya kikikata kile kipande cha kati, ala huachia kisu. Katika gasdemini D ya binadamu, yenye asidi amino 484, mkato hufanyika baada ya asidi amino ya 275. Sehemu ya mwanzo ikiwa huru huenda kwenye utando wa seli na kujishikiza kwenye fosfolipidi zenye chaji hasi. Lipidi hizo ziko zaidi upande wa ndani wa utando kuliko upande wa nje. Kwa hiyo seli inayokufa haitoboi majirani zake hata protini hiyo ikimwagika. Hutoboa utando wake yenyewe tu. Lipidi nyingine inayovutia gasdemini ni kadiolipini, ambayo imo katika utando wa bakteria na wa mitokondria.

Kipande kimoja peke yake hakiwezi kutoboa. Ni lazima vipande vingi vikusanyike na kujipanga katika duara, kwani kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwaka 2021 watafiti wa Boston, wakiongozwa na Hao Wu, walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba tundu la gasdemini D ya binadamu hujengwa kwa vipande takriban 33 na kwamba upana wake wa ndani ni kama nanomita 21. Ni tundu dogo mno, kwani unywele una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa protini ndogo, hata hivyo, ni mlango mpana. Interlukini-1 beta, mojawapo ya kemikali za tahadhari, ina upana wa kama nanomita 4.5 tu, hivyo hupita bila shida. Kuta za tundu zina chaji hasi, na hilo husaidia interlukini iliyokomaa kupita kwa urahisi kuliko ile ambayo bado haijakatwa.

Ngazi za udhibiti

Kiasi kinachotengenezwa

Ngazi ya kwanza iko kwenye jeni. Seli isiyotengeneza gasdemini haiwezi kufa kwa piroptosi. Uandishi wa jeni ya gasdemini D hutegemea protini ya kiini cha seli inayoitwa IRF2. Seli zisizo na IRF2 huwa na gasdemini D chache na hazifi kwa urahisi. Kwa upande mwingine, jeni inaweza kufungwa kwa kubandikwa alama za kemikali kwenye DNA. Seli nyingi za saratani hufunga jeni ya gasdemini E kwa njia hiyo, na hivyo kukwepa kifo ambacho kingeziita seli za kinga.

Ala

Ngazi ya pili ni ala iliyoelezwa hapo juu. Umuhimu wake unaonekana wazi katika aina moja ya uziwi wa kurithi. Mwaka 1998 watafiti waliochunguza familia moja ya Uholanzi walikuta hitilafu katika jeni ambayo leo inaitwa ya gasdemini E. Hitilafu za aina hii hufanya protini itengenezwe ikiwa imepungukiwa sehemu yake ya mwisho. Sehemu ya mwanzo hubaki bila kizuizi, na mgonjwa hupoteza usikivu polepole, akianza na sauti nyembamba.

Inflamasomu

Ngazi ya tatu ni uamuzi wa kukata. Seli haitakiwi kukata gasdemini bila ushahidi wa hatari. Ushahidi huo hukusanywa na protini za upelelezi zilizotawanyika ndani ya seli, na kila moja ina jambo lake inalolifuatilia. AIM2 hutambua DNA iliyo mahali isipopaswa kuwa, yaani nje ya kiini cha seli. NLRC4, ikisaidiwa na protini za kundi la NAIP, huitikia protini za mikia ya bakteria. Pirini huitikia bakteria wanapovuruga protini zinazosimamia mifupa ya seli. NLRP3 huitikia mambo mengi, hasa potasiamu inapovuja kutoka ndani ya seli.

Mpelelezi akipata ushahidi, nakala zake nyingi hukusanyika pamoja na kujenga inflamasomu. Hapo kaspesi-1 huletwa karibukaribu na kuamka. Ikishaamka hufanya kazi mbili: hukata gasdemini D, na hukomaza interlukini-1 beta na interlukini-18. Kwa hiyo mlango na wajumbe wanaopita mlangoni huandaliwa na kimeng'enya kimoja.

NLRP3 ina tahadhari ya ziada. Kwa kawaida huhitaji ishara mbili. Ishara ya kwanza, kwa mfano kuwepo kwa bakteria nje ya seli, huongeza utengenezaji wa NLRP3 na wa interlukini-1 beta na kuziweka tayari. Ishara ya pili, kama kuvuja kwa potasiamu, ndiyo inayokamilisha kazi. Ishara moja peke yake mara nyingi haitoshi, na hivyo hatari ya kuamka kwa makosa hupungua.

Vimeng'enya vingine vinavyokata

Kaspesi-1 si pekee yenye uwezo wa kuamsha gasdemini. Kaspesi-4 na kaspesi-5 za binadamu hujishikiza zenyewe kwenye lipopolisakaridi, kemikali iliyomo katika ukuta wa bakteria wa kundi la Gramu hasi, kisha hukata gasdemini D bila kuhitaji inflamasomu ya kawaida. Kaspesi-8 hukata gasdemini D bakteria wa jenasi Yersinia, kundi lenye bakteria wa tauni, wanapozuia mawasiliano ya kinga ndani ya seli.

Seli za kinga zinazoua seli nyingine nazo zina njia yao. Huingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu ndani ya seli iliyoambukizwa au ya saratani. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba granzaimu A hukata gasdemini B na granzaimu B hukata gasdemini E. Gasdemini A ya ngozi huamshwa kwa namna ya pekee: hukatwa na kimeng'enya cha adui mwenyewe, kinachotolewa na bakteria Streptococcus pyogenes. Bakteria huyo hutumia kimeng'enya hicho kama silaha, na mkato wake ndio unaoamsha ulinzi wa seli.

Mkato unaozima

Si kila mkato huamsha. Kaspesi-3, ambayo ni kimeng'enya kikuu cha apoptosi, hukata gasdemini D ndani ya sehemu ya mwanzo, baada ya asidi amino ya 87, na kuiharibu. Kwa njia hiyo seli iliyoanza kufa kimya huzuiwa isiingie katika piroptosi kupitia gasdemini D. Lakini kaspesi-3 hiyohiyo hukata gasdemini E mahali panapoiamsha. Matokeo yake hutegemea protini iliyopo. Seli yenye gasdemini E kidogo hufa kwa apoptosi. Yenye gasdemini E nyingi huweza kupasuka.

Jambo hili lina maana katika tiba ya saratani. Dawa nyingi za saratani huamsha kaspesi-3. Mwaka 2017 kikundi cha Feng Shao kilionyesha kwamba panya wasio na gasdemini E walipata madhara kidogo ya dawa hizo katika viungo vyenye afya. Hivyo gasdemini E inaweza kuchangia madhara ambayo wagonjwa wa saratani huyapata wakati wa matibabu, ingawa ndani ya uvimbe wa saratani wenyewe kuwepo kwake huweza kusaidia kinga kuushambulia.

Mabadiliko ya kemikali

Hata baada ya kukatwa, gasdemini D inaweza kuharakishwa au kucheleweshwa kwa kubandikwa kemikali ndogo. Mahali muhimu zaidi ni asidi amino ya 191, ambayo ni sisteini. Mwaka 2024 tafiti zilionyesha kwamba seli hubandika asidi ya palmiti, aina ya mafuta, kwenye sisteini hiyo, na kwamba mafuta hayo huisaidia protini kuingia katika utando na kutengeneza matundu. Kemikali zenye oksijeni kali zinazotoka katika mitokondria iliyosongwa huongeza ubandikaji huo. Kwa upande mwingine, fumarati, ambayo hupatikana katika mzunguko wa kawaida wa nishati ya seli, ikijishikiza kwenye sisteini hizo huifanya protini ishindwe kutoboa. Hivyo afya ya kinishati ya seli inaingia katika uamuzi wa seli kufa au kuishi.

Kuziba matundu

Kutobolewa si lazima kuwe mwisho. Mwaka 2018 kikundi cha Petr Broz cha Lausanne kilionyesha kwamba seli iliyotobolewa hujitibu. Kalisi kutoka nje huingia kupitia matundu, na kuingia kwake huita mashine ya protini inayoitwa ESCRT-III. Mashine hiyo hukata kile kipande cha utando chenye matundu na kukitupa nje kama kifuko kidogo. Matundu yakiwa machache, seli huweza kupona. Yakiwa mengi kuliko kasi ya ukarabati, seli hushindwa.

Kwa sababu hiyo kuna seli ambazo hutoa interlukini-1 beta kupitia matundu ya gasdemini na bado zikaendelea kuishi. Nyutrofili, ambazo ni seli nyeupe zilizo nyingi zaidi katika damu ya mtu mzima, ni mfano mmoja.

Kupasuka

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli iliyotobolewa hupasuka yenyewe tu, kwa kuwa maji huingia na kuijaza mpaka ishindwe kuhimili. Mwaka 2021 kikundi cha Genentech kilionyesha kwamba hata hatua hiyo ina protini yake, nayo ni ninjurini-1. Protini hii iko katika utando wa seli. Baada ya gasdemini kutoboa, ninjurini-1 hujipanga kwa wingi na kuuvunja utando vipande. Seli zisizo na ninjurini-1 hufa, lakini hubaki zimevimba kama puto bila kupasuka, na protini kubwa zilizomo hubaki ndani. Ugunduzi huu ulitenganisha mambo matatu yaliyokuwa yakichanganywa: kutobolewa, kufa na kupasuka.

Vijidudu vinavyozuia gasdemini

Nguvu ya silaha hii inaonekana katika juhudi za vijidudu za kuizima. Shigella hutoa protini inayobandika alama za ubikwitini kwenye gasdemini B na gasdemini D za binadamu. Katika seli, ubikwitini ni alama inayoonyesha kwamba protini fulani iharibiwe. Hivyo bakteria huyo huitumia mitambo ya seli kuangamiza silaha ya seli.

Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, hutumia njia nyingine. Mwaka 2022 watafiti wa China walieleza kwamba hutoa kimeng'enya kiitwacho PtpB, ambacho hubadilisha lipidi za upande wa ndani wa utando wa makrofaji. Gasdemini D iliyokatwa hukosa pa kujishikiza, na bakteria huendelea kuishi ndani ya seli iliyokusudiwa kumuua.

Gasdemini katika magonjwa

Sepsisi. Huu ni ugonjwa unaotokea mwitikio wa mwili dhidi ya maambukizi unapovuka mipaka na kuharibu viungo. Kwa makadirio ya mwaka 2017, watu takriban milioni 48.9 waliupata duniani na takriban milioni 11 walikufa, na mzigo mkubwa zaidi ulikuwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Panya wasio na gasdemini D walidungwa lipopolisakaridi kwa kiasi kinachoua panya wa kawaida, wakaishi. Matokeo hayo ndiyo yaliyofanya gasdemini D itazamwe kama shabaha ya dawa.

UKIMWI. VVU huangamiza seli za CD4 za kinga. Mwaka 2014 kikundi cha Warner Greene huko San Francisco kilionyesha kwamba katika tishu za limfu nyingi ya seli hizo hazifi kwa sababu virusi vimezaliana ndani yake. Virusi huingia, hushindwa kukamilisha uzazi wao, na seli ikigundua DNA yao hujiua kwa piroptosi inayoongozwa na kaspesi-1. Inflamesheni inayotokea huita seli nyingine za CD4, ambazo nazo huingia katika hatari hiyohiyo.

Jongo. Fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya katika viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, huamsha NLRP3 na kusababisha maumivu makali. Hapa hakuna kijidudu chochote. Mpelelezi amedanganywa na fuwele.

Homa ya kurithi ya Mediteranea. Hitilafu katika jeni ya pirini hufanya inflamasomu yake iamke kwa urahisi. Mgonjwa hupata homa na maumivu ya tumbo, kifua au viungo yanayokuja na kuondoka. Ugonjwa huu huonekana zaidi miongoni mwa Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu.

Pumu. Tofauti za kurithi katika eneo la kromosomu ya 17 lenye jeni ya gasdemini B zimehusishwa na uwezekano wa kupata pumu utotoni.

Juhudi za matibabu

Dawa zinazotumika hospitalini leo huingilia hatua zilizo kabla au baada ya gasdemini. Kolchisini hutumika kwa jongo na kwa homa ya kurithi ya Mediteranea. Dawa kama anakinra na kanakinumabu huzuia kazi ya interlukini-1 ikiwa imeshatoka nje ya seli.

Kuzuia gasdemini yenyewe bado ni jambo la maabara. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba disulfiramu, dawa ya zamani inayotumika kuwasaidia watu kuacha pombe, hujishikiza kwenye sisteini ya 191 ya gasdemini D na kuzuia utoboaji. Panya waliopewa waliokoka sepsisi ya majaribio. Mwaka huohuo ilionyeshwa kwamba dimethili fumarati, dawa ya ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, huizuia gasdemini D kwa njia inayofanana. Dawa zote mbili hushika pia protini nyingine nyingi zenye sisteini, kwa hiyo haziwezi kuitwa vizuizi mahususi vya gasdemini, wala matokeo ya panya hayatoshi kuzifanya tiba ya sepsisi kwa binadamu. Kwa ninjurini-1, mwaka 2023 ilitangazwa kingamwili inayozuia isijipange, nayo ilipunguza madhara ya ini kwa panya.

Ugumu mkubwa wa tiba hizi unatokana na kazi ya gasdemini yenyewe. Panya wasio na gasdemini D huokoka lipopolisakaridi, lakini hushindwa kwa urahisi na baadhi ya bakteria waishio ndani ya seli, kama Francisella novicida. Katika sepsisi mgonjwa huwa na mambo yote mawili kwa pamoja: vijidudu hai vinavyopaswa kuuawa, na inflamesheni inayopaswa kupozwa. Dawa inayozima gasdemini mapema mno inaweza kuwaachia bakteria nafasi, na inayochelewa inaweza kukuta seli zimekwisha kupasuka. Kwa hiyo watafiti hawatafuti tu namna ya kuzuia matundu, bali pia namna ya kujua ni kwa mgonjwa gani, katika kiungo gani na saa ngapi ifanyike hivyo.